Kunasa lanthani kwenye maji kwa makumbi ya nazi: tulivyofanya, na pale palipotukwamisha siku 3

Naandika hii kwa sababu nshachoka kueleza kitu kimoja kwenye voisi za WhatsApp. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha tano hapa Unguja, alitakiwa aje na projekti ya sayansi, kasoma mahali kwamba makapi ya mimea yanaweza kunasa madini adimu kwenye maji, akanijia mbio, "shangazi, wewe si uko maabara, nisaidie." Mie ni fundi wa maabara ya skuli tu, kazi yangu kuosha bika na kutayarisha solusheni za praktiko, lakini titresheni (kupima kilichomo majini kwa kudondoshea dawa mpaka rangi igeuke) naifanya hata nimefumba macho, kwa hivo nikamwambia njoo. Tukamaliza, wenzake watatu wakaja kuuliza vilevile, na wote walikwama palepale tulipokwama sisi. Basi hii hapa, someni.

Kwanza jambo moja ili tusipoteze muda. Kila nikisema habari hii kuna mtu anarukia "si tuchukue maji ya bahari, tumezungukwa nayo". Bahari ina lanthani kweli, ambayo ni moja ya hayo madini adimu na ndiyo tuliyoichagua, lakini ni nanogramu chache kwa lita. Hata ukikadiria nanogramu 5, ili upate gramu 1 unahitaji kupitisha lita milioni 200, na hapo uwe umenasa yote bila kupoteza hata chembe. Sahau. Kazi hii ni ya maji ambayo yana madini tayari, miligramu makumi au mamia kwa lita, kama maji ya migodini au maji machafu ya viwanda vinavyosindika vitu hivi. Kwetu visiwani hakuna mgodi wa namna hiyo, bara ndio kuna Ngualla kule Songwe, ambako madini haya yapo ardhini. Sisi tunajifunza namna tu, na maji yenye lanthani tunayatengeneza wenyewe.

Na hayo madini adimu ni elementi 17, zile 15 za familia ya lanthani pamoja na skandi na itri. Adimu jina tu, seri kwa mfano kwenye ardhi ipo kwa wingi unaokaribiana na shaba, tabu yake imetawanyika na kuzitenganisha ndugu hizi ni mtihani.

Vitu vya kutafuta

Lanthani tuliipata hotelini. Sikufanyieni mzaha. Mafundi wa mabwawa ya kuogelea wanatumia dawa ya kuondoa fosfeti ili bwawa lisiote ukijani, na dawa nyingi za aina hiyo ni kloridi ya lanthani. Soma lebo, kama haikutaja lanthani usichukue. Nusu kikombe inakutosha mwaka mzima, omba kwa adabu utapewa. Kama skuli yenu inayo chumvi yenyewe ya kloridi ya lanthani yenye maji 7 (yaani molekuli 7 za maji, lebo inasema), hiyo bora zaidi, pima gramu 0.267 kwa lita moja upate mg 100 za lanthani kwa lita.

Wengi wanataka kuanza na sumaku za hadi diski mbovu kwa sababu zina neodimi na kwa mafundi kompyuta zimejaa. Mie nawakataza. Sumaku ile zaidi ya nusu yake ni chuma, ukiiyeyusha kwa asidi unatoa gesi ya haidrojeni ambayo inashika moto, halafu chuma chote kile kinakwenda kuganda kwenye makumbi yako na kuharibu rangi ya titresheni. Anza na lanthani, sumaku utakuja nazo mwakani.

Vyengine:

- makumbi (nitayasema chini)
- ndimu ya unga, ileile inayotiwa kwenye ubuyu, hiyo ndiyo asidi ya sitriki
- kostiki soda ya watengeneza sabuni
- asidi ya haidrokloriki ya maabara. Ile ya bwawa ikiwa na rangi ya njano mara nyingi ina chuma ndani, iache
- EDTA (dawa inayoshika metali, ndiyo ya kutitretia), zailenoli oranji (rangi ya kuonesha mwisho) na bafa ya asetati ya pH 5.5 (ya kuzuia pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, isisogee)
- asidi ya oksaliki kidogo
- bureti, pipeti, chupa za plastiki za nusu lita
- kipima pH cha kalamu au karatasi za pH
- maji ya betri, lita 10 au zaidi

Hayo maji ya betri ni yale maji safi yanayouzwa sheli, si asidi ya betri, maana kuna mmoja alileta asidi, tena kwenye chupa isiyo na lebo. Kama huna pesa, kinga maji yanayodondoka kwenye bomba la AC, yanakaribia kuwa kama ya kuchujwa kwa mvuke, ila yachuje vumbi na usiyatumie kutengenezea EDTA kwa sababu yanapita kwenye mabomba ya shaba na bati za aluminiamu. Kuoshea ni sawa kabisa. Maji ya bomba USITUMIE, na hapo ndipo hadithi yetu yote ilipo, tutafika.

Hatua ya 1: makumbi

Tafuta makumbi makavu ambayo hayajafukiwa. Najua ukienda Bwejuu au Jambiani utakuta kinamama wana usumba mzuri mweupe ulioshapigwa tayari kusokotwa kamba, na unatamani kweli, lakini ule umekaa kwenye mchanga wa bahari miezi na miezi, umejaa chumvi, na umenusa mwenyewe ile harufu yake. Unaweza kuusafisha, ila kwa maji utakayomaliza bora uchukue kumbi la nazi ya jana jikoni kwako.

Lichane, likate kwa mkasi vipande vya milimita 2 au 3, lichekeche kwa chekecheke la unga ule ungaunga wa kahawia uondoke. Usitie kwenye blenda. Nimesema usitie.

Na makonyo, vile vijiti vya karafuu, je? Pemba watu wananiuliza sana, kwa sababu makonyo yakishakamuliwa mafuta makapi yake ni mengi. Yananasa, kwa kuwa yana tanini na tanini inapenda sana metali, lakini tanini ileile inayeyuka, maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi na mwisho wa titresheni huuoni. Kama una mashine ya kupimia metali moja kwa moja hilo halikusumbui. Sisi tuna macho tu. Mwani nao tulijaribu mara moja, aina ya spinosam iliyokaushwa, ukaloa ukavimba ukawa uji kwenye karatasi ya kuchujia, tukaumwaga. (Na mwalimu wa baiolojia akatukumbusha kwamba mwani hata si mmea barabara. Haya.)

Hatua ya 2: kostiki

Gramu 4 za kostiki kwa lita ya maji ya betri. Kostiki inatiwa kwenye maji, kidogokidogo, na miwani usoni. Loweka gramu 10 za makumbi saa 2 huku unakoroga. Maji yatakuwa kama kahawa, ndio vizuri, uchafu na sehemu ya lignini inatoka na nyuzi zinafunguka. Mwaga, suuza.

Hilo neno "suuza" ndilo lililotukamata. Lisome tena ukifika hatua ya 4.

Hatua ya 3: ndimu ya unga

Makumbi matupu yananasa kidogo. Kinachonasa lanthani ni vile vikundi vya asidi vilivyomo kwenye nyuzi, ambavyo vikipoteza haidrojeni vinabaki na chaji hasi, na lanthani ina chaji chanya 3 kwa hivo inashikwa kwa nguvu kuliko sodiamu yenye 1 au kalsiamu yenye 2. Ukiongeza vikundi hivyo umeongeza ndoana. Ndimu ya unga ina vikundi 3 kwa kila molekuli, ukiipasha moto pamoja na nyuzi kikundi kimoja kinafungamana na selulosi na vyengine vinabaki nje vikisubiri.

Yeyusha gramu 12 za ndimu ya unga kwenye ml 100 za maji ya betri, tia makumbi yako gramu 10, yalowe nusu saa, kisha yatandaze kwenye trei na uyakaushe juani au kwenye oveni nyuzi 60 mpaka yakauke kweli. Halafu panda mpaka nyuzi 120 kwa saa 1 na nusu.

Oveni ya umeme, na kipimajoto chako mwenyewe ndani, usiamini kile kitufe cha kuzungusha. Mpwa wangu alitaka kutumia sufuria na makaa juu na chini kama tunavyochoma mkate wa kumimina, nikamwambia mkate sawa, hii hapana, makaa hayakupi nyuzi 120, yanakupa 200 upande mmoja na 80 mwengine, na makumbi yakipita moto yanakuwa meusi, zile ndoana zinafungamana zenyewe kwa zenyewe. Rangi ya mwisho iwe kahawia kama mdalasini.

Trei hiyo isirudi jikoni. Wifi yangu bado ananikumbusha.

Kisha suuza mpaka ndimu yote iliyobaki itoke. Hii si ya kupuuza, kwa sababu ndimu iliyoyeyuka inaikumbatia lanthani na kuiacha palepale majini, yaani umetia ndoana kwenye nyuzi halafu umetia ndoana nyengine zinazoelea na zinashindana. Suuza, chuja, pima pH ya maji ya suuzo, rudia mpaka isisogee tena baina ya suuzo mbili. Sisi ilichukua mara 7.

Hatua ya 4: pH (kaa kitako hapa)

Haya. Siku ya kwanza tulifanya hivi. Tukatengeneza makumbi, tukayasuuza chini ya bomba kwa sababu maji ya betri tunayanunua na bomba ni bure. Baada ya ndimu, mpwa wangu akasoma kwamba ndoana zikiwa na sodiamu badala ya haidrojeni zinabadilishana upesi zaidi, ambayo ni kweli, basi tukayapitisha tena kwenye kostiki dhaifu, tukasuuza tena bombani, tukakausha. Tukatia gramu 0.5 kwenye ml 100 za maji ya lanthani, tukatikisa saa 2, tukachuja, tukapima. Lanthani karibu yote imeondoka! Mtoto anaruka, ananiambia shangazi hii tupeleke maonesho ya Dar. Na chupa isiyo na makumbi tuliiweka pembeni, maana hata mie najua lazima uwe nayo, ikaonesha lanthani yote ipo palepale. Kwa hivo kila kitu kizuri.

Siku ya pili tukapunguza makumbi nusu. Ikaondoka vilevile. Hapo roho yangu ikaanza kusita, maana ukipunguza nyavu nusu samaki hawawezi kuwa walewale, lakini nikajiambia labda nyavu bado ni nyingi kuliko samaki.

Siku ya tatu tukaja kwenye kuitoa lanthani kwa asidi. Namimina asidi juu ya makumbi kwenye karatasi ya kuchujia, naona vipovu. Vidogo, lakini vipovu. Nikamwuliza mpwa wangu, asidi ikitoa povu juu ya kitu, kile kitu ni nini? Akanyamaza. Ni kaboneti, mwanangu, kidato cha pili hicho.

Kilichotokea ni hiki. Maji yetu mengi hapa yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, ni chokaa tupu, angalia birika lako lilivyoganda ukoko mweupe ndani. Tuliposuuzia maji hayo makumbi yenye kostiki, chokaa ikaganda ndani ya nyuzi. Kostiki nayo haikutoka yote, imejificha katikati ya nyuzi na inatoka polepole kwa masaa. Tulipoyatia kwenye maji ya lanthani, pH ikapanda taratibu wakati tunatikisa, na lanthani ikikutana na kaboneti, au na maji yaliyopanda juu ya pH 8 hivi, inaganda kuwa unga mweupe. Unga ule ukashikwa na nyuzi na karatasi ya kuchujia. Maji yakatoka masafi. Sisi tukasema makumbi yamenasa! Makumbi hayakunasa kitu, yamefanya kazi ya mchanga kwenye chujio. Na ubaya zaidi ni kwamba ukitia asidi unga ule unayeyuka, lanthani yako inarudi yote, kwa hivo hata hatua ya kutoa inakudanganya, inakwambia umefaulu mara ya pili.

Na ile chupa tupu, yaani yenye lanthani bila makumbi? Ilisema kweli, ila tuliiuliza swali silo. Chupa tupu ilikuwa na pH 5 mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu haikuwa na makumbi ya kuipandisha. Nilipopima pH ya chupa yenye makumbi *baada* ya kutikisa ilikuwa imeshapita 8. Hatukuwahi kuipima mwisho, tuliipima mwanzo tu. Nikachukua chupa tupu nyengine, nikaipandisha kwa matone ya kostiki mpaka pH ileile ya mwisho, ikageuka nyeupe mbele ya macho yetu, hakuna hata uzi mmoja wa makumbi ndani.

Ukitaka kuona mwenyewe bila kupoteza siku 3, chukua glasi ya maji ya bomba, tia ml 1 ya ile dawa ya bwawa. Inakuwa kama tui la pili. Mafundi wa hoteli wanalijua hili, wakizidisha dawa bwawa linakuwa na ukungu mweupe na wageni wanalalamika.

Kwa hivo sasa tunafanya hivi, na sikubali njia nyengine:

Suuzo zote ni maji ya betri au ya AC. Baada ya kostiki suuza mpaka pH ishuke chini ya 8, kisha loweka nusu saa kwenye asidi ya haidrokloriki dhaifu sana (ml 1 ya asidi kali kwa lita 1 ya maji, na asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji), suuza tena, ndipo uende kwenye ndimu.

Baada ya ndimu na suuzo zake, usiyarudishe kwenye kostiki ya wazi. Yatie makumbi kwenye bika lenye maji ya betri, pima pH, itakuwa 3 na kitu, panda kwa matone ya kostiki dhaifu mpaka 5, subiri. Itashuka. Panda tena. Iache ilale. Asubuhi itakuwa imeshuka tena kwa sababu asidi iliyo ndani kabisa ya nyuzi inachelewa kutoka. Endelea mpaka ikae kwenye 5 masaa bila kusogea. Sisi ilichukua siku nzima na usiku wake, na hakuna njia ya mkato, nimejaribu kupasha moto, nimejaribu kukoroga sana, nyuzi zina mwendo wake.

Wakati wa kutikisa na lanthani pima pH mwanzo, katikati, na mwisho. Na angalia inaelekea wapi. Ikishuka kidogo ni dalili njema, lanthani inaingia kwenye ndoana na haidrojeni inatoka, isaidie kwa tone la kostiki dhaifu irudi 5. Ikipanda, simamisha, makumbi yako hayajasafishika, rudi kuyasuuza.

Kwa nini 5? Chini ya 3 haidrojeni ni nyingi mno inakalia ndoana zote na lanthani haina pa kukaa. Ukipanda kukaribia 7 unaanza kuwa na wasiwasi wa unga mweupe. Baina ya 4 na 5.5 ndipo pazuri, mie nachagua 5 kwa sababu hata kipimo kikikosea nusu bado niko salama.

Na chupa tupu ziwe mbili: moja kwenye pH 5, moja uipandishe mpaka pH ya mwisho ya chupa yenye makumbi. Kama ile ya pili imepoteza lanthani, matokeo yako yote ni ya kumwaga.

Kuhusu kipima pH, kalamu za bei rahisi zinafaa, ila ziweke sawa kila siku kwa bafa ya 4 na ya 7, sio ya 7 peke yake, na ncha yake usiiache ikauke. Karatasi ni sawa pia kama zina hatua za nusu nusu. Zile karatasi za rangi tatu, nyekundu kijani buluu, wape watoto wachezee.

Hatua ya 5: kutikisa

Gramu 0.5 za makumbi makavu, ml 100 za maji ya lanthani mg 100 kwa lita, saa 2. Hatuna mashine ya kutikisa, kila dakika 10 tunatikisa kwa mkono. Chuja kwa kichujio cha chai kwanza halafu karatasi ya maabara.

Hatua ya 6: titresheni

EDTA (ile chumvi yake yenye sodiamu 2 na maji 2) gramu 1.861 kwa lita, hiyo ni 0.005 M, yaani moli 0.005 kwa lita. Pipeti ml 50 za maji yaliyochujwa, bafa ml 5, matone 2 au 3 ya zailenoli oranji. Rangi inakuwa zambarau-nyekundu, unatitreti mpaka njano ya limau. Ml 1 ya EDTA ni mg 0.695 za lanthani. Kalsiamu haikusumbui kwenye pH hii, chuma ndicho kinachokusumbua, ukiona rangi haitaki kugeuka njano basi una chuma.

Maji ya mwanzo yatakula EDTA kama ml 7.2. Tuseme baada ya makumbi imekula ml 2.0, tofauti ni 5.2, zidisha kwa 0.695 upate mg 3.6 kwenye ml 50, yaani mg 7.2 kwenye chupa nzima, gawa kwa gramu 0.5, makumbi yamebeba mg 14 na kitu kwa gramu. Hizo namba za mfano wa hesabu tu, usije ukaziandika kwenye ripoti yako, nawajua nyinyi.

Dawa ya bwawa ambayo lebo haisemi ina lanthani kiasi gani, hii ndiyo njia ya kujua. Ml 1 ndani ya lita 1 ya maji ya betri, titreti, piga hesabu, ongeza maji mpaka ufike mg 100 kwa lita.

Hatua ya 7: kuitoa

Suuza makumbi mara moja kwa maji ya betri. Mimina asidi ya haidrokloriki 0.1 M, ml 20, polepole, na ACHA ikae juu ya makumbi robo saa kabla ya kuchuja. Vipovu visionekane hapa, ukiviona ni ile kaboneti ya hatua ya 4! Ulichonasa kwenye ml 100 sasa kiko kwenye ml 20, umekizidisha nguvu karibu mara 5, na hapo ndipo faida ya makumbi ilipo. Kuna mwalimu aliniuliza kwa nini msigandishe lanthani moja kwa moja kwenye maji ya mwanzo mkaacha tabu zote hizi, ni kwa sababu maji yakiwa mengi na madini kidogo dawa ya kugandishia inakula pesa nyingi kuliko unachopata, kumbi ni la bure.

Kisha tia asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa, kidogokidogo huku unakoroga. Unga mweupe utatua chini, ndio oksaleti ya lanthani. Usipandishe pH hapa, iache na ukali wake wa asidi, kwa sababu kalsiamu nayo inaganda na oksaleti, lakini kwenye asidi hiyo kalsiamu inabaki imeyeyuka na lanthani inatua. Asidi ya oksaliki ni sumu, isikae karibu na chumvi wala sukari, na vyombo vyake viwe mbali.

Wenye tanuri la nyuzi 800 na zaidi wanachoma unga ule wapate oksaidi. Sisi tuliishia kwenye oksaleti, tukaikausha, imekaa kwenye kichupa kidogo chenye lebo, ukiitikisa haijazi hata ukucha wa kidole kidogo, na mpwa wangu kila mgeni akija lazima akioneshe.

Makumbi yale yanarudi kazini. Suuza asidi, yarudishe kwenye pH 5 kama hatua ya 4. Sisi tulizungusha mara 3, mara ya tatu yalianza kukatika kuwa unga yakaziba karatasi, tukayaacha.

Maji yaliyobaki yenye asidi tunayakusanya kwenye ndoo moja, tunayatia chokaa mpaka pH ifike 8, unga ukitua tunauchuja na kuuhifadhi kwenye mtungi wa taka za maabara. Usimwage mtaroni, mitaro yetu yote unajua inapoishia.

Kama utajaribu na makonyo na una njia ya kuondoa ile rangi ya chai kabla ya kutitreti, niandikie. Nshajaribu kuyachemsha mara 4 na kumwaga maji, bado yanatoa rangi.